Aliyebeba Sanduku

Nilikuwa na miaka kumi nilipokiona kile kitabu. Tulikuwa tunaishi Lilongwe, Area 49, mtaa unaoitwa Gulliver. Mama alikuwa na kibanda: mafuta ya kupima, sukari ya vifuko, sabuni ya kukata. Jumamosi moja alinichukua mjini kununua mzigo, na pale sokoni kulikuwa na mzee anauza vitabu vya zamani. Ametandika plastiki chini, amepanga vitabu juu yake kama mtu anavyopanga mafungu ya nyanya. Kimoja kilikuwa na neno ambalo nililisoma toka mbali, kwa sababu makondakta wa minibasi waliliita kila asubuhi mbele ya nyumba yetu: Gulliver.

Nikamvuta Mama kitenge. Nikamwambia, "Mama, ona, bameandika kitabu ya kwetu!"

Mama hakujua Kiingereza. Alitazama picha ya juu: mtu amelala chali, amefungwa nyuzi mwili mzima, na watu wadogo kama vidole wamempanda kifuani. Akauliza, "Huyu alifanya nini?" Nikasema sijui. Akapatana bei, akalipa kwa chenji ya mafuta.

Ndugu msomaji, hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye vitabu vikubwa vya dunia. Niliingia kwa kosa, nikidhani ni habari ya mtaa wetu. Nataka kulieleza hilo kosa, kwa sababu miaka kumi na zaidi baadaye limenileta kwenye swali ambalo linaninyima usingizi katika kazi yangu na vijana hapa Dzaleka. Swali lenyewe ni hili: je, ni halali kumwonyesha mtu kwa watu ili asaidiwe? Na yule anayempenda, lakini ndiye anayembeba kumpeleka aonyeshwe, yeye tumhesabu wapi?

Kilikuwa kitabu chembamba cha Kiingereza rahisi, kilichofupishwa kwa watoto wa shule, na kurasa za mwisho hazikuwepo. Nilikuwa Standard 5. Nyumbani tulisema Kiswahili cha Fizi, barabarani Chichewa, shuleni Kiingereza cha kukariri. Nilisoma sentensi moja mara tatu ndipo ikafunguka. Usiku nilimhadithia Mama kwa Kiswahili wakati anapima sukari kwenye vifuko kwa mwanga wa tochi. Nilipokosa neno, nilibuni.

Nikamwambia kwamba Gulliver alikuwa daktari wa meli. Meli ikavunjika, akaogelea mpaka nchi kavu, akalala kwenye majani. Kuamka, hawezi hata kuinua kichwa. Watu wa nchi ile, Lilliput, hawakufika urefu wa kidole na nusu cha mtu mzima, lakini walikuwa wengi na walikuwa na mishale. Walimlisha. Walimpekua mifuko na kuandika orodha ya kila kitu walichokuta. Wakampa nyumba: hekalu la zamani ambalo watu waliliacha kwa sababu kulitendeka mauaji ndani yake. Wakamfunga mguu wa kushoto kwa minyororo. Wakampima urefu, wakapiga hesabu, wakaona chakula chake kinatosha watu wao zaidi ya 1,700, na wakubwa wa serikali wakaanza kunong'ona kwamba huyu mgeni atatuletea njaa. Mwisho wakakubali kumfungua kwa masharti ambayo aliyaapia. La kwanza: asitoke nchini bila kibali chenye muhuri. La pili: asiingie mji mkuu bila amri, na siku akiingia, raia wapewe saa mbili za kujifungia ndani.

Hapo Mama aliacha kupima sukari.

"Huyo muntu ni mukimbizi," alisema. "Bamemupekua, bamemuandika, banamupa posho, na banamukataza kutoka. Soma tena pale pa kibali."

Nikasoma tena pale pa kibali.

Kesho yake shuleni nilimwambia mwalimu kwamba nina kitabu kilichoandikwa juu ya mtaa wetu na juu ya wakimbizi. Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Alinieleza kwa upole kwamba kitabu hicho kiliandikwa na Jonathan Swift, kasisi wa Dublin, na kilitoka London mwaka 1726. Alikuwa anawacheka wakubwa wa Uingereza wa siku zake na vyama vyao viwili. Ndiyo maana watu wa Lilliput wanagombana juu ya viatu vya kisigino kirefu na kifupi, na wanapigana vita juu ya upande gani wa yai uvunjwe kwanza. Mwalimu alikuwa sahihi kwa yote aliyosema. Mimi nilirudi nyumbani na aibu, na kwa miaka mingi sikumwambia mtu yeyote maneno ya Mama.

Leo nadhani wote wawili walikuwa sahihi. Swift hakutufikiria sisi hata siku moja. Lakini alijiuliza jambo ambalo si mali ya Waingereza peke yao: inakuwaje mgeni akifika bila kualikwa, anakula, na wenyeji hawajui kama ni baraka au hatari? Ukiuliza swali kama hilo sawasawa, huwezi kuchagua ni nani atajikuta ndani yake. Mama alijikuta humo akiwa na kijiko cha sukari mkononi.

Na hakuwa wa kwanza. Lugha yetu inakijua kitabu hiki tangu zamani. Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa ile Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoundwa 1930, alikitafsiri, na mwaka 1932 kikatoka kwa jina Safari za Gulliver. Ni yeye pia aliyetafsiri Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina. Mzee mmoja jirani yetu hapa kambini, aliyesomea upande wa Kigoma, aliniambia kwamba alisoma Safari za Gulliver akiwa mtoto, na alikuwa anaamini kabisa kwamba Lilliput ni kisiwa kidogo karibu na Mafia. Tulicheka sana siku hiyo. Nilifurahi kujua kwamba si mimi peke yangu niliyekileta kitabu karibu na nyumbani ili niweze kukiingia.

Lakini niseme ukweli. Nikiwa na miaka kumi sikumhurumia Gulliver. Nilimwonea wivu, kwa sababu alikuwa mkubwa. Aliingia baharini akazifunga meli za adui kwa kamba, akazivuta zote mkono mmoja kama mtoto anavyovuta gari la waya. Watoto wa barabarani waliponiambia nirudi kwetu, nililala usiku nikijiona mimi ni yule mtu-mlima, nimesimama juu ya Area 49 yote, minibasi zinapita katikati ya miguu yangu. Mtoto akisoma hadithi anachukua upande wa mwenye nguvu bila kuulizwa. Sidhani ni dhambi. Ila ni vizuri mtu akue na arudi kuangalia alisimama upande gani.

Mimi nilirudi nikiwa Form 2. Wakati huo nilikuwa nimeletwa Dzaleka kwa shangazi kwa ajili ya masomo ya sekondari. Kambi hii, kama wengi wetu tunavyojua, ilikuwa gereza la watu wa siasa wakati wa Kamuzu, na ikafunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994. Ilipangwa kwa watu kama 10,000, na leo tumepita 50,000. Nilipofika mara ya kwanza na kuelezwa habari za gereza, nilikumbuka lile hekalu la mauaji, lakini sikusema kitu. Shangazi alikaa sehemu inayoitwa Blantyre. Yaani nilitoka Gulliver ambayo si ya kitabu, nikaja Blantyre ambayo si ile Blantyre ya kusini, ambayo mpaka leo sijaiona.

Maktaba tuliyoitumia ilikuwa na kitabu kizima, kinene, herufi ndogo. Kumbe safari ni nne! Watu wa sokoni waliniuzia robo. Na safari ya pili ndiyo iliyonivunja.

Katika safari ya pili mambo yamegeuka. Gulliver ni yule yule, urefu ule ule, lakini amefika Brobdingnag, nchi ya majitu, na sasa yeye ndiye wa kidole. Mvunaji mmoja anamwokota shambani na kumpa bwana wake mkulima; mkulima anampeleka nyumbani, na baada ya muda anaona kuna pesa. Anamtia kwenye kisanduku chenye matundu ya hewa, anampeleka sokoni, anamweka juu ya meza. Gulliver anafundishwa la kufanya: atembee, asalimie wageni, aseme maneno aliyofundishwa, anywe kwa afya yao, achezeshe upanga wake mdogo. Siku ya kwanza anaonyeshwa kwa makundi kumi na mawili. Pesa zinaingia. Kadiri zinavyoingia, mkulima anataka zaidi, na Gulliver anakonda mpaka anabaki mifupa. Mkulima akiona kwamba mali yake inakaribia kufa, anamuuza kwa malkia.

Sasa, mkulima hakunisumbua sana. Wakulima wa namna hiyo nilikuwa nimeshawaona. Aliyenisumbua ni binti yake, wa miaka tisa, ambaye Gulliver anamwita Glumdalclitch, maana yake mlezi mdogo. Huyu binti anampenda kweli. Anamshonea mashati, anamfundisha lugha, anampa jina. Anatia godoro la mwanasesere wake ndani ya kisanduku ili asiumie njiani. Anapojua kwamba wazazi wanataka kumpeleka sokoni, analia kwa uchungu na aibu. Anakumbuka kwamba mwaka uliopita walimwambia mwanakondoo ni wake, na alipononeka tu wakamuuza kwa mchinjaji.

Analia, halafu anapanda farasi nyuma ya baba yake. Kisanduku kiko mapajani mwake, kimefungwa kiunoni. Ni yeye anayekibeba mpaka sokoni. Na juu ya meza, ni yeye aliyesimama kwenye kigoda karibu na kumuuliza yale maswali ambayo anajua atayajibu.

Nikiwa na miaka kumi na sita nilimsoma nikaona ni malaika. Sikufikiri zaidi.

Nilimaliza MSCE. Baada ya hapo nikawa natafuta la kufanya, na hapa mnajua vibali vya kazi ni hadithi nyingine. Nikaanza kujitolea na vijana, kwa posho ndogo: mpira, maigizo, na Jumamosi kikundi cha kusoma, watoto kati ya kumi na ishirini chini ya paa la mabati. Mwaka 2023 serikali ikatoa amri kwamba wakimbizi wanaokaa mijini na vijijini warudi kambini. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliweka masharti yake juu ya vifungu kadhaa, na kimojawapo ni kile cha uhuru wa kutembea, kwa hiyo amri haikutoka hewani. Mama akauza kibanda kwa bei ya kutupa, akapakia vitu juu ya matola, akaja na wadogo zangu. Kile kitabu chembamba kilipotea katika kuhama. Usiku wa kwanza, tumekaa nje kwa shangazi, aliniambia, "Unakumbuka pale pa kibali?" Sikuwa na jibu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Katika kikundi changu kuna kijana wa miaka kumi na minne. Anasoma kwa sauti nzuri, hana haraka, na akisimama watu wananyamaza. Wageni walipokuja kutembelea shughuli zetu, niliambiwa nitafute mtoto mmoja aeleze maisha yake kwa ufupi. Sisemi wageni wa shirika gani, kwa sababu wanaokuja ni wengi na hawakufanya kitu ambacho wengine hawafanyi. Nilimtafuta yeye. Nilimuuliza, akakubali. Alieleza habari ya safari yake kuja hapa. Mgeni mmoja alifuta machozi. Baada ya wiki chache tukapata mipira minne na katoni mbili za vitabu.

Wageni wengine wakaja. Nikamsimamisha tena. Nikamsaidia kupanga maneno: aanze na hiki, amalize na ndoto yake ya kuwa daktari. Mara ya tatu, asubuhi, nikiwa nafagia ukumbi, alinifuata akaniuliza taratibu kabisa, kama mtu anayeuliza saa:

"Kaka, leo batasikia ile fupi, ao ile ya kuliza?"

Nilisimama na ufagio mkononi. Hakuwa amekasirika, na hakuwa ananisema. Alikuwa mfanyakazi mzuri anayeuliza ni mzigo gani umeagizwa. Mimi ndiye niliyempa hiyo kazi. Nilimpenda, nilimtafutia daftari, nilikaa naye kliniki siku alipougua malaria. Na sanduku lilikuwa mapajani mwangu, limefungwa kiunoni.

Tangu siku ile nimelizungusha hili jambo kichwani, na sitaki kulifanya rahisi, maana si rahisi.

Kwanza, mipira ilikuwa ya kweli. Vitabu vilikuwa vya kweli, na watoto zaidi ya ishirini wamevisoma. Kuna watakaosema: kama mtoto mmoja akisema dakika tano ishirini wanapata vitabu, ubaya uko wapi? Mimi mwenyewe nilisema hivyo. Na mwenye njaa akikataa kuonekana, nani atajua ana njaa? Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kambi ambayo haionekani inasahaulika, na posho yake inapungua kimyakimya. Hilo nalo tumeliona.

Pili, wageni si watu wabaya. Wamesafiri mbali, wengine kwa pesa yao. Wanalia machozi ya kweli. Siku moja tu hawawezi kumjua mtu, kwa hiyo wanaomba hadithi. Ukiwaambia "hapana" bila maelezo, wanarudi na mikono mitupu na moyo mzito, na sisi tunabaki na heshima yetu na mpira uliopasuka.

Tatu, kijana alikubali. Lakini hapa mguu wangu unaanza kuteleza. Alikubali kwangu, mtu anayegawa madaftari na anayechagua nani acheze Jumapili. Angekataa vipi? Glumdalclitch naye hakumlazimisha Gulliver. Alimuuliza tu maswali, naye akajibu vizuri.

Kwa muda nilidhani tatizo ni kusimulia. Nikafikiri dawa ni kunyamaza: tusimwambie mtu yeyote habari zetu. Halafu nikakumbuka kwamba safari ya pili haiishii sokoni. Nilirudi maktaba nikaisoma tena.

Malkia akishamnunua, Gulliver anakaa kwenye jumba la mfalme. Na kule mfalme anamwita chumbani kwake, mara nyingi, kila mara kwa saa kadhaa, na kumuuliza juu ya nchi yake: sheria, mahakama, vita, kodi, namna wakubwa wanavyochaguliwa. Gulliver bado ni wa kidole. Bado analetwa ndani ya sanduku lake. Lakini mfalme anaandika anayoyasikia, na anaandika pia maswali atakayouliza siku nyingine. Na Gulliver, hapo, si mtu mwema wa kupigiwa makofi. Anajisifu. Anaficha mabaya ya kwao. Siku moja anajitolea kumfundisha mfalme kutengeneza baruti, na mfalme anashtuka na kumkataza asitaje tena kitu hicho.

Nilisoma hapo mara nyingi kuliko popote. Ni mtu yule yule, udogo ule ule, nchi ile ile. Kwenye meza ya sokoni watu walikuja wakijua watakachokiona, na yeye alikuwa anawapa hicho hicho kwa zamu kumi na mbili. Chumbani kwa mfalme aliulizwa jambo ambalo muulizaji hakulijua. Na aliruhusiwa kujibu vibaya.

Hilo la mwisho ndilo nililokosa kumpa yule kijana. Kwenye hadithi niliyompangia lazima awe mzuri. Lazima ateseke bila kosa, lazima ashukuru, lazima atake kuwa daktari. Nilipokuja kumuuliza baadaye kama kweli anataka udaktari, alisema hapana, anataka kuuza simu. Nikamuuliza mbona hukusema? Akasema, "Kaka, ni weye uliandika daktari." Mtu ambaye haruhusiwi kutaka kuuza simu, haruhusiwi kuwa mvivu, haruhusiwi kumkasirikia mgeni, huyo hajasikilizwa hata kama watu wote ukumbini wanalia. Ameangaliwa tu.

Kwa hiyo jibu langu kwa lile swali ni hili, na mtanisahihisha. Kumwonyesha mtu ili asaidiwe si halali, hata kama anayembeba anampenda, hata kama msaada unafika. Kumfungulia mtu aseme ni halali, na ni lazima. Na kipimo cha kutofautisha viwili hivi ni kwamba katika kusema kwa kweli, anayesema anaweza kukuuliza na wewe, anaweza kukataa, na anaweza kukuudhi. Kama haya hayawezekani, basi kuna meza hapo, hata kama mmeiita kikao.

Najua jibu hili lina gharama, na sitaificha. Wageni walipokuja mara ya nne, nilimwambia kijana kwamba leo asipotaka, hakuna neno. Alinitazama kujua kama namtega. Halafu akasema hataki. Niliwaambia wageni kwamba leo tunasoma tu, na wanakaribishwa kukaa na sisi kwenye mkeka na kuuliza chochote, na watoto nao watauliza. Palikuwa na ukimya mrefu, wa aibu. Msichana mmoja wa kwetu akamuuliza mgeni kama kwao na yeye ana kibali cha kwenda mji mkuu. Mgeni alicheka, halafu akaacha kucheka, halafu akajibu vizuri kabisa, kwamba hajawahi kuombwa. Waliongea karibu nusu saa. Kijana wangu alikaa nyuma, akauliza swali moja tu: simu kwao inauzwa bei gani.

Baada ya siku ile hatujapata katoni. Huenda ni kwa sababu hiyo, huenda ni kwa sababu pesa zimepungua kila mahali. Mipira mitatu kati ya minne imekwisha, na wa nne tumeushona mara mbili. Watoto wananiuliza mimi, si wageni. Siku ambayo mtoto wa miaka tisa ananiambia, "Kaka, mbona usimwambie tu aseme ile habari yake?", nakosa pa kuweka uso. Sijui kumweleza kwa maneno madogo. Namwambia habari ni ya mwenyewe. Ananiangalia, halafu anaangalia mpira.

Ninyi wenzangu mnaokaa hapa, mnaofundisha, mnaoongoza kwaya na vikundi vya ngoma: wengi wetu ni Glumdalclitch. Hatuna nguvu ya mkulima, lakini kisanduku kiko mapajani mwetu, na mto laini tumeuweka sisi. Na ninyi mnaokuja na magari, najua mmetumwa na ripoti inawasubiri. Naomba jambo moja tu. Njooni na swali ambalo jibu lake hamna.

Kuhusu kile kitabu, Mama bado anakiulizia. Juzi nilimsomea safari ya pili kwa Kiswahili changu, kidogo kidogo, wakati anachambua maharage. Nilipofika kwa yule binti na kisanduku, nilingoja aseme ni malaika. Alinyamaza muda. Halafu akasema, "Mutoto masikini. Na yeye hakukuwa muntu wa kumusaidia." Hilo sikuwa nimelifikiria. Bado nalifikiria.

Mwisho, mtu mwangalifu atakuwa ameshajiuliza: na wewe unayeandika haya, si umemweka tena kijana juu ya meza? Nilijiuliza pia. Nilimpa maandishi haya ayasome kabla ya kuyaleta kwa wahariri. Aliyasoma Jumamosi nzima, amekaa kwenye kona yake, kalamu mkononi. Aliyarudisha na mstari mmoja ameukata. Mwanzoni nilikuwa nimeeleza kwa maneno machache habari ya safari yake, ili mwelewe kwa nini mgeni alilia. Ameikata yote. Juu yake ameandika: "Hii ni yangu." Kwa hiyo hamtaikuta humu.